Wikendi moja Mombasa na mke wangu, list ina vitu 14, tuanzie wapi?

SWALI: Habari za kazi. Mimi na mke wangu tunakaa Kitengela, tumeoana miaka sita na hatujawahi kutoka wawili peke yetu tangu watoto waje. Mamangu amekubali kukaa nao kuanzia Ijumaa mpaka Jumatatu asubuhi, kwa hivyo tunataka kushuka Mombasa na SGR. Bajeti ni kama elfu thelathini na tano, malazi yakiwa ndani. Mke wangu ni mwalimu wa historia, yeye anataka Fort Jesus na Mji wa Kale, mi nataka bahari na usingizi. List nimeandika imefika vitu 14, kuna Diani, Wasini, Gede, Haller Park, zile pembe, feri na vingine. Tutaweza kweli? Na tuanzie wapi? Baba Wawili, Kitengela.

JIBU: Baba Wawili, kwanza mpelekee mama shikamoo yangu, manake kubaki na watoto wawili wikendi nzima si mchezo.

Sasa hiyo list bana. Hiyo si ya wikendi, hiyo ni ya likizo ya wiki mbili. Wasini ni kisiwa huko Shimoni karibu na mpaka wa Tanzania, yale magofu ya Gede yako upande mwingine kabisa njia ya Malindi karibu kilomita mia moja kutoka mjini, Diani iko kusini na ni safari yake peke yake, ukijaribu hizo tatu ndani ya siku mbili kitu mtakumbuka ni viti vya matatu. Futa hizo tatu sai kabla hujaendelea kusoma. Zitawangoja, mama akikubali tena mwakani mtaenda Diani tu na hamtaingia mjini kabisa.

Mi kazi yangu ni kutembeza watu mji huu, na wanaotoka bara wote nawaambia hivi: usipange Mombasa kwa ramani, panga kwa jua na kwa maji. Jua kwa sababu kuanzia saa tano hivi mpaka saa tisa hakuna raha ya kutembea na miguu, joto la hapa lina unyevunyevu, si kama lenu la Kitengela unaingia kivulini unapoa. Na maji kwa sababu ile bahari mliyoona kwa picha haikai pale siku nzima, inaenda na kurudi, mtu anafika ufuoni saa ambayo maji yamepwa anaona mwani na mawe na matope kidogo halafu anarudi kwao kusema Mombasa imechafuka, kumbe angengoja masaa matatu tu.

Hebu nikueleze vizuri manake hii ndio itakupangia wikendi yako. Maji yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, kutoka kujaa mpaka kupwa ni kama saa sita na kitu, na kila siku yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana yake. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ndio bamvua, hapo maji yanatembea sana, tofauti ya juu na chini inapita mita tatu, na hapa kwetu siku za bamvua maji yanapwa kama saa nne asubuhi na kujaa kama saa kumi jioni. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, hayo yanafanya kinyume, yanajaa mida ya saa nne asubuhi na kupwa jioni, ila hayaendi mbali. Kwa hivyo huhitaji hata kuwa mvuvi, angalia tu mwezi. Kama mna uhuru wa kuchagua tarehe, chagueni wikendi iliyo karibu na bamvua, asubuhi maji yakipwa mnatoka na boti mpaka kwenye miamba mnaona samaki, jioni yakijaa mnaogelea karibu na nyumba, yaani siku inajipanga yenyewe. Na kama tarehe haziwezi kubadilika basi geuza mpango, ogeleeni asubuhi.

Treni. Ijumaa chukueni ile express ya saa tisa alasiri, inaingia Miritini, ndio stesheni ya Mombasa, saa mbili usiku na kitu. Kutoka Nairobi kwenda na kurudi, watu wawili economy, ni elfu sita, nauli ilipanda Januari 2024 kutoka elfu moja mpaka elfu moja mia tano kwa mtu, njia moja. First class ni elfu nne mia tano kwa mtu, njia moja, na kwa bajeti yako mi nakwambia wazi usithubutu, hiyo pesa ni ya kula samaki. Tiketi kateni mapema, wikendi za mwisho wa mwezi na likizo za shule zinaisha, na kila mtu abebe kitambulisho manake wanaangalia. Syokimau, stesheni ya Nairobi, fikeni lisaa limoja kabla kwa sababu mizigo inanuswa na mbwa kwanza halafu inapita kwa mashine, mistari inakua mirefu. Tsavo mtaipita jua likianza kushuka, ndovu wanaonekana mara nyingi, mwambie shemeji aache simu chini aangalie dirishani.

Ya kurudi ndio watu wengi wanakosea. Wanakata ya saa tisa Jumapili kwa sababu inawafikisha nyumbani usiku wakalale, lakini hesabu vizuri, treni ya saa tisa Miritini ina maana saa saba mshatoka Nyali, saa tano mshaanza kufunga mabegi, Jumapili imekwisha kabla haijaanza. Chukueni ya saa nne usiku. Inawashusha Nairobi alfajiri bado giza, ndio, mtakuwa na usingizi, lakini mama kasema mpaka Jumatatu asubuhi si ndio? Na mmepata siku nzima bure.

Malazi msihamehame. Usiku zote mbili laleni mahali pamoja, na mi ningesema Nyali, ni karibu na ufuo na ukivuka daraja ushafika kisiwani, yaani mjini. Mjini kwenyewe kuna vyumba bei rahisi lakini mtu anayetaka bahari na usingizi kama wewe hatalala vizuri na honi za tuktuk. Ukichukua zile za Airbnb uliza maswali matatu kabla hujalipa. AC inafanya kazi na tokeni za stima ni za nani? Maji ni ya mfereji au ya kisima? Manake visima vingi vya Nyali maji yake yana chumvi, sabuni haitoi povu na nywele za shemeji zitakasirika. La tatu, Jumapili mnaweza kutoka saa ngapi? Wengi wanataka mtoke saa nne asubuhi, na nyinyi treni yenu ni ya usiku, kwa hivyo muombe mwenyewe mapema awaongezee masaa au awawekee mabegi. Akikataa kuna hoteli nyingi za ufuoni zinauza tiketi ya siku, mnalipa mnapata swimming pool na chakula na bafu la kuogea kabla ya safari, pigeni simu muulize bei kwanza.

Sasa Jumamosi, hiyo ni siku ya kisiwa, ni ya shemeji. Amkeni mapema tafadhali, mtalala mchana. Mahamri na mbaazi za nazi mnakula asubuhi barabarani, ukifika saa tatu na nusu utakuta mama anakosha sufuria. Halafu Fort Jesus wanafungua saa mbili, muwe pale saa mbili, kwa sababu ya jua na kwa sababu baadaye yanakuja mabasi ya wanafunzi, na mwalimu akiwa likizo hapaswi kusikia filimbi. Kulipa ni kwa eCitizen, ule mtandao wa serikali, Mkenya analipa bei yake na kitambulisho anaonyesha.

Hapo ndani watu wengi wanapiga picha kwa mizinga, wanazunguka nusu saa, wanatoka. Nyinyi kaeni. Hiyo ngome Wareno walianza kujenga 1593, mchoro ni wa Mtaliano mmoja anaitwa Giovanni Battista Cairati, na ukiitazama kutoka juu ina umbo la mtu amelala na kichwa kikiangalia baharini. Lakini kuta si ndio stori, stori ni watu. Mwambie shemeji amtafute Yusuf bin Hassan, mwana wa sultani wa Mombasa, Wareno walisababisha babake auawe, yeye wakampeleka Goa akiwa mdogo wakamsomesha wakambatiza wakamuita Jerónimo, wakamrudisha atawale wakidhani ni wao, na Agosti 1631 akaingia humo ngomeni akamuua kapteni wao na akashika ngome. Mi nikisimama pale lango la kuingilia huwa nawaambia wageni hiyo stori peke yake inatosha tiketi.

Halafu kuna kule kuzingirwa kwa 1696 mpaka Desemba 1698, Waomani wamezunguka ngome karibu miaka mitatu. Waliokuwa ndani waliuawa zaidi na njaa na tauni kuliko risasi, ikafika wakati Wareno karibu wote wamekufa na ngome ikashikiliwa na Waswahili wakiongozwa na Bwana Daud wa Faza, mtu wa kisiwa cha Pate, upande wa Lamu. Hiyo sehemu haisemwi sana, watu wanasimulia kana kwamba ilikuwa Wareno na Waarabu tu na sisi tulikuwa tunaangalia. Meli moja ya Wareno, Santo Antonio de Tanna, ilikuja kuokoa ikazama hapohapo chini ya ngome mwaka 1697, wapiga mbizi wakaja kuichimba miaka ya sabini na vitu vyake viko kwenye jumba la makumbusho humo ndani. Angalieni pia ile michoro ya meli ambayo wanajeshi wa Kireno walichora ukutani, na nyumba ya Waomani iko juu pembeni, upepo wake mtamu. Waingereza nao wakaigeuza jela kuanzia 1895 mpaka 1958. UNESCO wameiweka kwenye orodha yao 2011. Masaa mawili hayatoshi mwalimu wa historia lakini saa nne na nusu mtoe, jua litakuja.

Mkitoka mlangoni watawajia vijana kusema ni guide. Mi mwenyewe ni guide kwa hivyo unaweza kusema naitetea biashara yangu, lakini Mji wa Kale si lazima guide, ni mdogo, ukipotea unatokea baharini au barabara kubwa. Ukimtaka mtu basi mwambie akuonyeshe kitambulisho cha kazi na mkubaliane bei kabla ya hatua ya kwanza, si baada. Fuateni Ndia Kuu taratibu, angalieni juu, milango ya kuchonga kila mtu anaiona lakini zile roshani za mbao ndio zinaisha, kila mwaka nyumba nyingine inabomolewa inajengwa ghorofa la saruji. Mtapita msikiti wa Mandhry wenye mnara mweupe, asili yake inasemwa ni kama 1570, halafu mtashukia bandari ya zamani, pale kamera wekeni mfukoni mpaka muulize askari. Na watu msiwapige picha bila ruhusa, hayo ni majumba ya watu wanaoishi. Mavazi, shemeji si lazima avae buibui, magoti na mabega yakifunikwa inatosha, akiwa na leso begani hakuna atakayemtazama mara mbili. Wewe pia acha kaptura ya kuogelea hotelini.

Kutoka hapo ni mwendo mfupi mpaka soko la Marikiti, viungo vya pilau na vya chai na achari na mabuyu ya watoto nunueni hapo, si kwa wachuuzi wanaokufuata na pakiti zimepangwa vizuri, hao ni bei ya mgeni. Halafu Biashara Street kwa leso. Huko leso inauzwa mbili zikiwa zimeshikana, unachagua jina, yaani yale maandishi, na ukishanunua kuna mafundi wamekaa hapo nje na cherehani wanakukatia na kukupindia mkingoja. Soma jina kabla hujamnunulia mama yako, zingine ni za kurushiana maneno.

Saa sita rudini Nyali mkale mkalale. Nasema kweli, hii ndio tofauti ya wageni wanaofurahia na wanaogombana. Wanandoa wengi nimewaona wakinuniana saa nane mchana chini ya zile pembe za Moi Avenue, mmoja anataka picha mwingine anataka maji baridi. Kuhusu pembe zenyewe, ni mfano wa pembe za ndovu, za alumini, za miaka ya 1950 wakati wageni wa kifalme wa Uingereza walikuja, piteni na tuktuk mpige picha dakika mbili mwende zenu.

Saa kumi na nusu mrudi kisiwani, Mama Ngina, pale kando ya bahari. Pale pametengenezwa upya 2019, kuna mibuyu mikubwa sana na meli zinapita karibu zikiingia Kilindini mpaka unaona watu wa ndani. Wenyeji jioni wanakaa pale Lighthouse, mihogo ya kukaanga inapasuliwa inatiwa ndimu na pilipili, kachiri, madafu, unakaa kwa ukuta unaangalia bahari na hakuna anayekufukuza. Feri ya Likoni ni karibu na hapo na mwenda kwa miguu halipi kitu, kwa hivyo kama bado mnataka hiyo ya kwenye list vukeni mwende na mrudi, ni safari ya boti ya bure, ila simu iwe mfuko wa mbele manake msongamano ule una mikono mingi. Usiku mle Mji wa Kale upande wa Kibokoni, viazi karai na ukwaju, mishikaki, mkate mayai, halafu kahawa tungu na haluwa. Mtashiba kwa pesa ambayo Nyali ni soda mbili tu. Vichochoro vyenye watu na chakula ni salama, vile vya giza vya kukata njia msipite, na kurudi chukueni teksi ya app au tuktuk mliyokubaliana bei kabla ya kupanda.

Jumapili ni yako. Laleni. Mkiamka, maji yakiwa yamepwa teremkeni ufuoni mtafute boti ya kioo chini, eneo hilo la baharini ni hifadhi tangu 1986 kwa hivyo kuna ada ya KWS, wale wa wanyamapori, bei ya boti uliza kama ada iko ndani au nje, hapo ndipo ugomvi hutokea mkirudi. Vijana wa ufuoni watakuja na mikufu na ngamia, "hapana asante ndugu" ukiisema mara moja na tabasamu inatosha, ukianza kueleza umenunua. Mkitembea kwenye mwamba vaeni raba, kuna wale wadudu weusi wa miiba mirefu, mwiba ukivunjikia mguuni wikendi imekwisha. Makombe muyaache hukohuko baharini. Na mkiona maji yameanza kurudi rudini nayo, yanapita kwanza nyuma yako kwenye mifereji kabla ya kukufikia ulipo.

Haller Park wekeni mchana, ni Bamburi, karibu, na ina kivuli. Na msiende kwa ajili ya twiga tu, ingawa kuwalisha ni raha na saa zake muulize mlangoni. Pale palikuwa shimo la mawe ya kiwanda cha saruji, jiwe tupu lenye chumvi, na mwanzoni mwa miaka ya sabini René Haller akaanza kupanda mivinje kwa sababu ndio iliyokubali kuota. Tatizo likawa majani yake hayaozi, yanajaa tu chini, mpaka akaleta jongoo wale wekundu wakubwa, wakayala, kinyesi chao ndio kikawa udongo, na juu ya udongo huo ndio ukaota msitu mnaoutembea. Shemeji atapata ya kuwaambia wanafunzi. Ni hapohapo ndipo alipoletwa yule mtoto wa kiboko, Owen, aliyeokolewa baada ya tsunami ya Desemba 2004 akamganda kobe mzee kama mamake, mkiwasimulia watoto wenu hiyo wataacha kulalamika kwamba mliwaacha.

Kama shemeji bado ana kiu ya magofu basi badala ya Haller nendeni Jumba la Mtwana, mbele kidogo ya Mtwapa, mji wa karne ya 14 na 15, misikiti na nyumba chini ya mibuyu na bahari pale pale, mara nyingi unakuta mko peke yenu. Kwa wanandoa mi ningechagua hii, lakini wewe unajua mkeo. Zote mbili siku hiyo hapana.

Jioni maji yakijaa ogeleeni. Pirates ndio ufuo wa watu wote, Jumapili unajaa familia na muziki na maboya ya matairi, kama mnataka kimya basi sogeeni upande wa Nyali.

Tarehe pia angalia mambo mawili. Aprili na Mei ni mvua, bei zinashuka lakini unaweza kulala siku mbili ukisikiliza mabati. Na mwezi wa Ramadhani mchana Mji wa Kale hoteli nyingi za chakula zimefungwa, ila magharibi ikiingia hakuna wakati mtamu zaidi wa kula pale, kwa hivyo usiukimbie, badilisha tu saa.

Saa moja na nusu usiku muwe ndani ya gari, si mnaoga, ndani ya gari. Kutoka Nyali mpaka Miritini mnavuka daraja na Makupa na Changamwe, na Jumapili usiku malori hayana likizo. Saa tatu mkiwa pale kuna muda wa mbwa na mashine na chai. Achari ifungeni mara mbili kwenye plastiki kabla hamjaiweka na nguo.